Gésier kwa Herufi Nyekundu

Leo barabara nzima imenisoma.

Sijasema imeniona. Imenisoma. Neno kwa neno, kwa taa nyekundu, polepole ili hata wasiojua kusoma vizuri wasipitwe. (Msianze kucheka. Hata sijafika kwenye aibu yenyewe.)

Wengi wenu humu mnanijua: Dieudo, fundi wa simu na kompyuta, mwenye kibanda kule Lumumba. Na kama umewahi kupanda pikipiki hapa Bunia, basi unapajua pia mahali panapoitwa Bonne Année. Kwa asiyepajua: ni duka la misumari, mabati na saruji, na juu ya mlango wake kuna ubao wa taa ndogo ndogo ambao maandishi yake hutembea. Marehemu Papa Dorcas, mwenye duka, aliununua kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga biashara yake. Alikuwa akiubadilisha maneno kwa kompyuta kila mara. Leo anatangaza mabati mapya, kesho anawapongeza waliopata diplome, keshokutwa anawakumbusha watu wa pikipiki kuvaa kofia. Mwisho akaandika BONNE ANNEE A TOUS. Kabla ya Pasaka akafariki, na kompyuta yake nayo ikafa.

Ubao haukufa. Miaka kadhaa sasa umebaki unatutakia mwaka mpya wakati wa mvua na wakati wa jua, mwezi wa nane, siku ya Ijumaa Kuu, hata siku za msiba. Watu wa pikipiki wamesahau jina la duka. Ukisema "Bonne Année", umefika.

Sasa nije kwa Dorcas. Dorcas ni binti wa duka hilo, na ndiye ninayetaka kumwoa. Barua yangu ya kuomba ilishapelekwa. Leo mchana kaka mkubwa wa marehemu, Oncle Zakaria, alikuwa aje kutoka Kilo, kama barabara iko calme, yaani salama, kutoa jibu la ukoo. Ndiyo au hapana. Sijalala vizuri wiki nzima, na ninayeandika hapa ni mtu ambaye hulala hata kwenye kiti cha kinyozi.

Lazima mjue na jambo moja zaidi. Kwao, kama kwetu, kijana aliyeomba binti hazungumzi na mama mkwe mpaka jibu litoke. Hamtazami usoni. Hali chakula cha jikoni kwake. Na mama naye hamwambii neno moja kwa moja, anapitisha kwa mtu wa tatu wa nyumbani. Mtu wa tatu akikosekana, neno linabaki tumboni mwa mwenyewe. Desturi nzuri, yenye heshima. (Leo imeniua.)

Basi asubuhi nimeitwa dukani. Mama Dorcas amekaa nyuma ya meza yake, mimi nimesimama upande huu nikitazama misumari, Dorcas katikati yetu.

"Dorcas," mama akasema, "uambie ule mutu, oncle yako iko nakuya leo. Ile enseigne imukaribishe na jina yake. Kama ni fundi ya kweli, Bonne Année itoke."

Nilisikia kila neno (enseigne ni ule ubao). Nikangoja.

"Mama anasema, ile enseigne imukaribishe oncle," Dorcas akasema huku anajizuia kucheka. "Kama weye ni fundi ya kweli."

"Umwambie mama itafanyika," nikasema.

"Nimesikia," mama akamwambia Dorcas.

Hilo halikuwa ombi, jamani, huo ulikuwa mtihani. Aliyeshindwa na ubao wa ukoo atapewaje binti wa ukoo? Nikachukua mkoba wangu nikaingia depo, chumba cha nyuma ambako marehemu alikuwa na meza yake ya kompyuta. Ukiwa mle ndani huoni barabara. Ubao uko nje, upande wa pili wa ukuta. Kumbukeni hilo.

Nilifuta vumbi. Siwezi kuwaficha, nilimpenda yule mzee ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai. Kila waya una kipande cha plasta chenye mwandiko wake: hii ya umeme, hii ya imprimante (printa), hii ya ubao, USIVUTE. Waya wa ubao alijitengenezea mwenyewe kwa waya wa simu ya zamani, nyuzi mbili tu, ameuunga vizuri mno, ameupitisha kwenye tundu la ukutani na kuliziba kwa nta ya mshumaa. Nikasema moyoni, huyu alikuwa fundi. Nyuzi mbili tu, na kazi imesimama miaka yote hii. (Niliziona kwa macho yangu. Nikazisifu. Kumbukeni na hilo.)

Kompyuta yenyewe ilikuwa maiti, lakini diski ngumu ndani yake ilikuwa bado nzima. Humo ndimo ilimokuwa programu pekee duniani inayojua lugha ya ubao ule. Ni programu ya zamani, ya skrini nyeusi na maandishi meupe, ya wakati ambao mashine hazikujua kipanya ni nini. Ukiiweka kwenye laptop ya siku hizi inakataa hata kufunguka. Dawa yake ni kuifungulia programu nyingine inayoigiza kompyuta ya zamani: unakuwa na kompyuta ndani ya kompyuta, na yule mzee ndani anaamka akidhani bado ni zama zake.

Na aliamka. Jina la duka likajitokeza juu kwa herufi kubwa, na chini yake maneno ya marehemu, ATELIER DU PATRON, yaani karakana ya bosi. Sina aibu kusema nywele zilinisimama.

Kwanza niliandika ESSAI, yaani jaribio, ikatoka ESSQI. Mzee alidhani kinanda changu ni cha Waingereza. Nikamrekebisha. Kisha nikakumbuka mzee huyu huongea polepole, ukimsukuma anameza maneno, nikapunguza kasi. Ikabaki kazi ngumu: kumfikisha kwenye waya. Kompyuta za zamani zilikuwa na tundu la pini tisa, na programu hii inajua tundu moja tu, la kwanza. Laptop yangu haina tundu hilo kabisa. Nina kijiwaya cha kubadilisha, upande mmoja USB, upande wa pili pini tisa, na laptop imeamua kukiita tundu la saba. Lazima umwambie yule mwigizaji: mzee akisema "tundu la kwanza", wewe mpelekee la saba, wala usimweleze lolote, asije akachanganyikiwa.

Dorcas akaenda kusimama barabarani ili anisomee ubao. Nikaandika ESSAI, nikabonyeza ENVOYER, yaani tuma. Programu ikafikiri, ikaandika kwa chini: PAS DE REPONSE. Hakuna jibu.

"Inasema nini?" nikauliza kwa sauti kupitia mlangoni.

"Bonne Année."

Nikabadilisha hiki na kile. PAS DE REPONSE.

"Na sasa?"

"Bonne Année, chéri. Na weye pia."

Tukaendelea hivyo mpaka mama akamtuma Dorcas sokoni kutafuta ndimu na mafuta, kwa sababu kuku wa Oncle Zakaria alikuwa tayari jikoni. Kabla ya kuondoka, Dorcas akapenya depo na bakuli lililofunikwa kwa sahani, akalisukuma chini ya meza.

"Kula haraka," akanong'ona. "Mama asione. Hujakula tangu asubuhi."

"Dorcas, ni mwiko."

"Mwiko haishibishe mutu. Nimetia vinyama vidogo tu."

Akaenda zake. Nikabaki peke yangu na mzee wangu wa ndani ya kompyuta.

Na hapo ndipo nikaona kosa. Nilikuwa nimemwambia mwigizaji tundu la sita badala ya la saba. Aibu ndogo, nikajicheka, nikasahihisha. Nikaandika ESSAI, nikabonyeza ENVOYER, nikakaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

PAS DE REPONSE.

Nikaandika ESSAI ENCORE.

PAS DE REPONSE.

Nilivunjika moyo, ndugu zangu. Lakini mimi nina tabia moja mbaya: nikijaribu mashine mara nyingi, neno "essai" linanichosha, naanza kuandika chochote kinachopita kichwani. Nani atasoma? Mashine haijibu, ubao haujui, barabara ni ya Bonne Année kama kawaida. Hivyo nikaandika: MUZEE, NAKUHESHIMU. LAKINI JIBU.

PAS DE REPONSE.

Nikatazama tena plasta za marehemu, zile herufi zake zilizonyooka. Nikaandika kwa moyo wote: PAPA DORCAS, ULIKUWA FUNDI KUNIPITA. NISAIDIE.

PAS DE REPONSE. Hata wafu walikuwa wamenikataa.

Njaa ikanishika. Nikalitoa bakuli. Mchuzi ule, jamani. Sikuwahi kula chakula cha mama yule, kwa heshima, na sasa nikajua nimepoteza miaka yangu. Nikala kwa mkono wa kulia, nikiandika kwa wa kushoto: MAMA DORCAS IKO MUKALI LAKINI MUKONO YAKE NI YA MALAIKA. ENVOYER.

Nje nikasikia watu wanacheka.

Sikujali. Barabarani pale watu hucheka, ndiyo raha ya mji wetu. Ila kicheko kiliendelea, kikawa kingi, na pikipiki moja baada ya nyingine zikawa zinazimwa. Nikadhani kuna mtu ameanguka kwenye matope. Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa tayari kwenye kinanda, nikaandika nilichokuwa nawaza: MUKO NACHEKA NINI INJE?

ENVOYER. Kicheko kikapasuka, watu wakapiga mayowe kama wakati wa bao.

Nikachoka nao. Nikaandika: NYAMAZENI. MUTU IKO NATUMIKA.

Na wakanyamaza.

Kimya kabisa, ndugu zangu. Nikaona ajabu, nikasema hata Mungu leo yuko upande wangu. Kisha nikasikia watu wanapiga makofi, nikadhani labda kuna wahubiri.

Wakati huo huo, upande wa duka, mtu akaanza kugonga mabati. Gwa, gwa, gwa. Wateja wetu ndivyo walivyo, hakuna anayenunua bati bila kuligonga asikie kama ni zito au ni la kudanganya. Nikasema vizuri, mama anauza leo. Gwa, gwa, gwa. Huyo mteja hakuridhika kabisa. Nikamwacha nikaendelea kula.

Ndipo jino langu likakutana na kitu. Meno yanakijua kitu hicho kabla ya kichwa. Kigumu kidogo, kinateleza, kina utamu wake peke yake. Nikakitoa mdomoni, nikakipeleka penye mwanga wa skrini. Nusu yake ilikuwa imeshashuka tumboni.

Firigisi. Gésier, kama wengi tunavyoiita hapa.

Kwa walio mbali na desturi zetu: kuku ana miguu miwili, mabawa mawili, watu wanaweza kugawana. Firigisi ni moja. Hiyo si ya watoto, si ya akina mama, si ya wageni wa kawaida. Hiyo ni ya mkubwa wa meza, na mkubwa wa meza asipoiona kwenye sahani yake anajua amedharauliwa, anaweza kuinuka na kuondoka. Dorcas, kwa haraka yake na mapenzi yake, alikuwa amechota vinyama vidogo gizani mwa jiko na kunipa firigisi ya mtu aliyekuwa njiani kuja kunijibu ndiyo au hapana.

Nilitaka kumwambia mtu. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mzee wangu tu, asiyejibu. Nikamwungamia yeye: NIMEKULA GESIER YA ONCLE MUKUBWA. MUNGU ANISAMEHE. ENVOYER.

PAS DE REPONSE, akasema.

Nje hapakuwa na kicheko tena. Mabati yalikuwa yanagongwa kama kengele ya moto.

Nikatafuna ile nusu iliyobaki. (Ningeifanyia nini? Ningeirudisha?) Kisha nikaandika ombi langu la mwisho kwa mashine: ONCLE ZAKARIA ASIJUE.

ENVOYER.

Na kutoka nje, katika kimya kile, nikasikia sauti ya mzee mmoja, sauti nzito ya mtu aliyesafiri, akisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza:

"On-cle. Za-ka-ria. A-si-ju-e."

Sijui kama mmewahi kusikia maneno mliyoyaandika sekunde ile ile yakitoka kinywani mwa mtu msiyemwona. Nilimtazama mzee wa skrini. Naye ananitazama: PAS DE REPONSE. Ndipo nikaukumbuka ule waya. Nyuzi mbili. Mmoja wa kupeleka, mmoja wa ardhi. Uzi wa kurudisha jibu haukuwepo tangu siku ambayo marehemu aliuunga. Ubao ulikuwa unasikia kila kitu, ulikuwa unatii kila kitu, ila haukuwa na njia ya kuniambia "ndiyo, nimesikia". Na mimi fundi asubuhi nilikuwa nimezihesabu nyuzi zile na kuzisifu.

Nikaruka kwenye kinanda kufuta. Hapo chini palikuwa na vitufe viwili vya jirani, EFFACER na TOUT. Mkono ulikuwa na mafuta ya kuku. Nadhani mmeshajua nilibonyeza kipi. TOUT maana yake ubao upitishe vyote ulivyopokea, kimoja baada ya kingine, tangu mwanzo. Nje umati ukaanza kusoma kwa pamoja, kama wanakwaya: "Es-sai. Es-sai en-core. Mu-zee, na-ku-he-shi-mu."

Nikatoka. Hakukuwa na mlango mwingine, ningepitia huo.

Watu wa pikipiki wamejaa mpaka upande wa pili wa barabara. Bonne Année ilikuwa imebadilika baada ya miaka, kwa hiyo kila aliyepita alisimama, na aliyesimama hakuondoka tena. Dorcas alikuwa ametoka sokoni, amesimama na chupa ya mafuta, mkono mdomoni. Mama Dorcas alikuwa kwenye mabati, nyundo mkononi. Kumbe mteja asiyeridhika ni yeye. Na mbele ya wote, mwenye vumbi la Kilo mpaka kwenye nyusi, kofia mkononi, Oncle Zakaria.

"Njo weye?" akaniuliza, yaani ndiwe wewe.

"Njo miye, papa."

"Gésier, ni weye umeikula?"

Ningeweza kumtaja Dorcas. Nilimwona akifungua mdomo ajitaje mwenyewe. Nikamtangulia.

"Ni miye, papa. Peke yangu."

Mzee akautazama ubao. Ulikuwa umefika kwenye maneno PAPA DORCAS, ULIKUWA FUNDI KUNIPITA. NISAIDIE. Akayasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, akangoja mpaka yaishe. Hakuna aliyecheka maneno yale, hata mara ya pili. Nikamwona mama akishusha nyundo na kugeuza uso.

"Ilikuwa tamu?" Oncle akauliza.

Nikafikiri kusema uongo. Lakini nani angeniamini, na ubao ule juu ya kichwa changu?

"Ilikuwa tamu sana, papa."

Akaketi juu ya mfuko wa saruji, akapangusa uso kwa kitambaa, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na pikipiki zote:

"Siye tulikaa wiki nzima ku Kilo, tunaulizana: ule kijana, kama tunamupa mutoto wetu, hatatuficha mambo? Hatakuwa na bibi wa pili kwenye kartié, kwenye mutaa ingine? Sasa nimefika, nimeona. Gésier moja tu ya kuku imemushinda kuficha. Bibi wa pili ataficha wapi?"

Jamani, kelele zile. Pikipiki zote zikapiga honi. Dorcas akaangusha chupa ya mafuta, nayo kwa bahati haikupasuka.

"Lakini amende iko," Oncle akaongeza faini yake, kidole juu. "Siku ya mahari, jogoo moja juu ya mbuzi zingine zote. Na gésier yake ndani. Nitaiangalia miye mwenyewe."

Nikakubali. Ningekubali hata mbuni.

Ndipo mama mkwe wangu akanijia. Jibu lilikuwa limetoka, mwiko umekwisha, na hata hivyo sikujua niangalie wapi. Nikatazama nyundo yake. Akanisemesha, kwa mara ya kwanza tangu anijue:

"Ile ordinateur iko nasemaka 'pas de réponse' tangu siku ya kwanza. Papa ya Dorcas alikuwa anaiacha tu. Anaandika, anatoka inje, anajisomea, anarudi."

"Mama, ungeniambia."

"Na mudomo ya nani? Dorcas alikuwa sokoni. Nimepiga tôle, ile mabati yote, mupaka mukono inauma."

Nikamwomba radhi. Nikamwomba radhi ya firigisi, ya kumwita mkali, ya mabati. Akasikiliza yote, kisha akasema asingenituma kubadilisha kitu kama angejua nitabadilisha hivyo. Ubao ulikuwa unapita tena kwenye jina la mume wake.

"Haya nimeyaona," akasema. "Yatosha. Sasa urudishe maneno yake. Oncle ameshafika, hahitaji kukaribishwa na taa. Ile ingine niliizoea."

Nikarudi depo. Nikakalia kiti cha marehemu, mzee wangu wa kompyuta akanipokea kama hakuna kilichotokea. Nikaandika kama alivyoandika yeye, bila kuongeza nukta: BONNE ANNEE A TOUS. ENVOYER.

PAS DE REPONSE.

Nikaiacha tu. Nikatoka nje, nikajisomea. Ilikuwa inatembea, nyekundu, polepole, kama siku zote. Mama alikuwa amesimama mlangoni anaisoma pia, na hatukuambiana neno, si kwa sababu ya mwiko.

Baadaye nimekula mezani, mbele ya watu, kwa idhini. Oncle Zakaria akapewa paja, akalitazama, akanitazama, akala. Mama akaniongezea mchuzi kwa mkono wake mwenyewe, akaniuliza kama malaika wanapika hivi. Nikaomba ardhi ipasuke. Haikunijibu nayo.

Jua lilipokuwa linashuka nikatoka, nikasimamisha pikipiki, nikamwambia kijana, "Nitoe hapa Bonne Année, unipeleke Lumumba."

Akaniangalia kwenye kioo chake, akawasha.

"Fundi, Bonne Année ilikuwa zamani," akasema. "Hapa tunapaita Gésier."

Basi ndugu zangu, karibuni kwenye mahari. Hamtapotea njia.